Kicheko Katika Mafundisho ya Vijana

Baadhi yetu tungali tunadhani kwamba kijana anayecheka katika mafundisho amekosa adabu. Hata hivyo, Bwana wetu alifundisha kwa mfano wa mtu mwenye boriti jichoni anayetaka kumtoa mwenzake kibanzi. Hatuoni jinsi wasikilizaji wake walivyoweza kujizuia kucheka, kabla hawajajitambua. Mtakatifu Yohane Bosco naye, akiwa mwanafunzi huko Chieri, Italia, mwaka 1832 aliunda Chama cha Furaha, na kuwakataza wenzake tendo au neno lolote lisilomfaa Mkristo.

Katazo hilo latuhusu sana sisi wa Haki na Amani. Katika maigizo ya vijana wetu, mara nyingi anayechekwa ni mlemavu, mwenye kigugumizi, au mtu wa kabila lenye watu wachache parokiani. Nasi tulioketi viti vya mbele twapiga makofi! Wazee wetu walijua zaidi: mtani msibani humsema hata tajiri aliyemtelekeza marehemu, naye haruhusiwi kukasirika. Basi makatekista wawaache vijana watuigize sisi mapadre tunaochelewa Misa, pamoja na wazee wa kanisa wanaonyang'anya wajane mashamba. Tutaketi pale pale mbele.