Msituzuie kuingia chama cha idara

Kabla hatujaondoka seminarini kwenda chuo kikuu kusoma saikolojia, kila mtu alitupa mawaidha. Walezi walitukumbusha Masifu na Misa ya kila siku. Wazee wa parokia waliotuchangia nauli walisema jambo moja kwa maneno tofauti: someni, msijiingize kwenye vyama. Mama mmoja wa WAWATA alitushika mikono akasema, "Wanangu, vyama vya chuo ni siasa na muziki. Ninyi mna wito." Tukamjibu, "Tumekusikia, Mama."

Na tulitii. Chama cha wanafunzi wa idara yetu kilikutana kila Alhamisi jioni katika darasa la ghorofa ya pili, nasi saa hiyo tulikuwa njiani kurudi nyumbani. Tulisali na wanafunzi Wakatoliki wenzetu siku za Jumapili tukaona inatosha. Freud tulimjua, Rogers tulimjua, mitihani tulifaulu.

Mwaka wa pili mwenzetu mmoja wa darasani aliacha kuja kwenye vipindi. (Ameturuhusu kuyaandika haya, na mengi tumeyaacha.) Tulikwenda chumbani kwake, tukampa mahubiri ya karibu dakika arobaini na karatasi ya novena. Akatushukuru kwa adabu, akafunga mlango. Waliomfikia kweli ni wawili wa kile chama, mmoja wao Mwislamu. Walikaa naye kwenye ngazi za bweni bila haraka, kisha wakamwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Sisi tusingethubutu, tuliamini kwamba ukilitaja neno hilo unampandikizia mtu wazo. Kumbe sivyo. Kumwuliza mtu waziwazi, kwa upole, hakumsukumi kufanya hivyo, na mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kusema ukweli. Alisema ndiyo. Hawakumwacha peke yake usiku ule, na asubuhi walimsindikiza kwa mshauri wa chuo, kisha hospitali. Leo yu hai na amehitimu.

Alhamisi iliyofuata tukapanda ile ghorofa ya pili.

Hatutasema uongo kwamba tulikuta malaika. Kulikuwa na ugomvi wa uchaguzi, na wiki tatu nzima zilipotea kwenye rangi ya fulana. Wengine walituita "Baba Padri" kwa dhihaka. Lakini nusu ya kila mkutano ilikuwa mazoezi ya kusikiliza, watu watatu watatu: mmoja anaeleza jambo lake, mmoja anasikiliza, wa tatu anatazama tu na mwishoni anasema alichokiona. Mara ya kwanza mtazamaji, binti wa mwaka wa kwanza, alimwambia mmoja wetu, "Kaka, umemkatiza mara sita." Tulikuwa tumesoma falsafa miaka mitatu na hakuna aliyewahi kutuhesabia.

Hapo pia ndipo tulipojifunza mipaka yetu. Mwanafunzi wa saikolojia si tabibu. Hampi mtu jina la ugonjwa, anamsikiliza na kumfikisha kwa anayeweza kumtibu. Kwetu mafrateri kulikuwa na shida ya ziada. Mtu akijua unasomea upadre, hudhani kila anachokwambia kimefungwa kwa siri ya kitubio. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa haimruhusu padre kuvunja siri hiyo kwa sababu yoyote ile. Lakini frateri haungamishi, na siri ya mshauri hufikia kikomo pale uhai unapokuwa hatarini. Wenzetu wa chama walitufundisha kuyasema haya mwanzo wa mazungumzo, kabla mtu hajafungua moyo. Ukimweleza baada ya yeye kusema, ataona umemsaliti.

Kuna wanaoona saikolojia yenyewe kama mgeni asiyealikwa Kanisani. Tunawaomba wasome namba ya 62 ya Gaudium et Spes, hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, inayotaka uchungaji utumie pia matokeo ya sayansi za kidunia, hasa saikolojia na sosholojia. Na kama ni suala la padre kukaa katika chama cha watu wa taaluma hiyo, si jambo la jana. Padre Edward Pace, Mmarekani, alisoma Leipzig chini ya Wilhelm Wundt na kupata udaktari mwaka 1891. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipoanzishwa mwaka 1892, naye alikuwa miongoni mwa wanachama wake wa mwanzo.

Hofu ya muda tunaielewa zaidi. Jioni moja kwa wiki ni jioni moja kwa wiki, na aliyeelemewa na masomo asubiri muhula mwingine. Ushauri wetu kwa mafrateri na masista watakaotumwa: msikimbilie uongozi, na msigeuze mkutano kuwa darasa la katekesi. Kaeni mstari wa nyuma, mhesabiwe makosa. Kwa walezi, tunaomba jioni hiyo iandikwe kama sehemu ya malezi, isiwe utoro wa kuombea udhuru. Nanyi wazazi wenye mabinti na vijana wanaosoma fani hii, mkiwauliza matokeo ya mitihani, waulizeni pia Alhamisi walikuwa wapi.

Yule Mama wa WAWATA tulimweleza habari hii likizo iliyopita. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama hao vijana wa chama wanaweza kuja kuzungumza na jumuiya yake, kwa maana kuna nyumba mbili anazozifikiria. Tumepeleka barua kwa Paroko. Tunangoja jibu.