Dawa ya Mbwa wa Zizi

Mbwa wa kulinda mifugo, ambaye sheria imeturuhusu kumfuga, naye ana haki juu ya mwenyewe. Mwezi uliopita mbwa wetu alikuwa akitibiwa mguu, kidonge kimoja kwa siku. Kijana wetu alimpa alfajiri. Nasi, tusijue, tukampa tena adhuhuri. Tulipotambua tulitaka kumnywesha maji ya chumvi ili atapike. Bwana mifugo akatukataza kwa simu: chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Akatuuliza uzito wake, jina la dawa, nguvu ya kidonge na saa aliyopewa. Pakiti, kumbe, ilikwisha tupwa jaani! Tukaifukua kwa mikono.

Alipona, alhamdulillahi. Sasa kila kidonge twakiandika ukutani kwa chaki, na kikisahauliwa hatumpi viwili pamoja. Lakini wako majirani wampao mbwa dawa za maumivu za watu, nalo ni kosa kubwa zaidi ya letu: ibuprofeni humtia vidonda vya tumbo na kumharibu figo, na parasetamoli humdhuru ini na damu. Pakiti ile tumeihifadhi sandukuni, pamoja na hati za shamba.