Unameza dawa za TB? Usimfiche daktari kuhusu chupa

Mwaka jana jamaa wa ploti yetu, fundi wa simu, aliambiwa ana TB. Kikohozi hakikumtisha. Kilichomtisha ni Jumamosi. "Miezi sita bila hata moja?" aliniuliza. Basi akawa anameza dawa asubuhi, jioni anaketi na mabeshte kama kawaida. Wiki ya tano macho yakawa manjano. Akaacha dawa kimyakimya.

Mtaani watu wakasema dawa za TB ni sumu. Si kweli. Wengi huzimaliza na kupona. Ila ukweli usemwe: ugonjwa uko kifuani, lakini dawa zenyewe hupitia kwenye ini. Kati ya nne unazomeza miezi miwili ya kwanza, tatu zinaweza kuliumiza: isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi. Hilo laweza kumpata hata asiyeonja pombe. Ukiongeza chupa, ini linabebeshwa mizigo miwili.

Mimi simlaumu fundi peke yake. Ukiulizwa kwa ukali, "Wewe unakunywa?", utajibu nini? Utasema hapana, utachukua dawa na kwenda zako. Wahudumu wa kliniki watuulize bila kutuhukumu, na siku ya kwanza kabisa watuambie dalili: kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya chakula, maumivu chini ya mbavu za kulia, macho ya manjano. Mkojo wa rangi ya chungwa usikutie wasiwasi, hiyo ni rifampisini. Ukiwa mweusi kama strungi, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Usingoje tarehe ya kadi.

Huko watapima damu. Ikibidi, watasimamisha dawa kwa muda, kisha wazirudishe moja moja ini likitulia. Hiyo ni kazi yao, si yako. Ukiacha kivyako ukanyamaza, TB inarudi, pengine ikiwa sugu, na unaowakoholea ni wale mnaolala nao keja moja.

Fundi alirudi kliniki akiwa ameshikiliwa na nduguye. Alianzishiwa matibabu upya na amepona, lakini miezi ile yote ingeokolewa na jibu moja la kweli.

Nasi mabeshte tuna letu. Mtu akisema yuko kwa dawa, usimwite muoga. Mnunulie soda, stori ziendelee.