Nani Kasema Mbinga ni Nchi ya Joto?

"Hiki ni cha Japani, bosi. Kwetu huku joto, hakina kazi." Maneno haya yanasemwa kila siku kwenye gereji zetu, kuanzia Ilala jijini Dar es Salaam hadi chini ya miti ya kando ya barabara pale Mbinga mjini. Fundi ameyarithi kwa fundi aliyemfundisha, mwenye gari ameyasikia kwa shemeji yake, na hakuna anayeuliza. Themostati inachomolewa, inatupwa kwenye kopo la skrubu, rejeta inajazwa maji ya bomba, na gari linarudishwa kwa mwenyewe likihesabiwa kuwa limetengenezwa. Nasema imani hii ni ya uongo toka mwanzo hadi mwisho, na huku kwetu Umatengo ni ya uongo mara mbili.

Tuanze na hilo joto lenyewe. Juni na Julai, kahawa inapochumwa, mtu wa kijiji cha Ukata halali bila blanketi zito, na asubuhi ukungu haujapanda kutoka kwenye ngoro, yale mashimo ya mashamba yetu ya milimani, watu wameshavaa sweta na koti juu yake. Milima ya Umatengo inapita meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mingine inakaribia 2,000. Gari linalolala nje huku linaamka vioo vimelowa, na injini yake ni ya baridi kabisa. Hilo ndilo gari lililoamuliwa kwamba liko nchi ya joto.

Na hiyo Japani tunayoiita nchi ya baridi? Julai 2018 mji wa Kumagaya, si mbali na Tokyo, ulipima nyuzi joto 41.1. Mbinga haifiki huko hata iweje. Twende mbali zaidi, kwa Waswahili wenzetu walioko Oman. Juni 2018, katika mji wa Quriyat, kusini kidogo ya Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Toyota mpya zinazouzwa kule zinatoka kiwandani na themostati ndani. Kama joto la nje lingekuwa sababu ya kuing'oa, Waomani wangekuwa wa kwanza.

Lakini joto la nje si sababu, na hapo ndipo imani yote inapoanguka. Themostati ni mlango mdogo wa chuma wenye nta ndani yake. Nta ikipata moto inatanuka na kuusukuma mlango. Ikipoa inanywea na mlango unajifunga. Toyota nyingi zina themostati iliyogongwa namba 82, maana yake inaanza kufunguka maji ya injini yakifika nyuzi 82. Kabla ya hapo maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Yakishafika, mlango unayaruhusu kwenda kwenye rejeta kupozwa. Kidude hiki hakijui kama nje ni Hokkaido ya Japani au Ukata. Kinachopima ni maji yaliyomo ndani ya injini, basi.

Ukishaitoa, maji yanakimbilia kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Kwenye baridi yetu, injini inaweza kutembea kutoka Mbinga hadi Songea bila kufikia moto wake unaostahili. Kompyuta ya gari inasoma kwamba injini bado ni ya baridi, nayo inaongeza petroli. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka hadi kwenye sampu. Unyevu ulio ndani ya injini haupati moto wa kuukausha, ndiyo maana ukifungua kifuniko cha oili unakuta utando mzito wa rangi ya maziwa umeganda kwa chini. Giaboksi ya otomatiki nayo inachelewa kuingia gia ya mwisho kwa kuwa imeambiwa injini haijawa tayari. Mwenye gari analalamika kwamba Toyota IST yake inakula mafuta. Anauziwa plagi mpya. Wiki ijayo anauziwa pampu ya mafuta. Hakuna anayekumbuka kopo la skrubu.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawakufundishwa, na ndilo linaloumiza zaidi. Katika injini nyingi za Toyota themostati ina milango miwili. Ule wa kwanza unapofunguka kuelekea kwenye rejeta, wa pili, ulio upande wa pili wa nta, unaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto kwenye injini bila kupozwa. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo, haipiti kwenye rejeta kabisa. Kwenye tambarare hutaona kitu. Utaona siku umetoka Mbamba Bay na abiria na magunia ya dagaa. Ziwa Nyasa liko kama meta 475 tu juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo lami inapanda kwa kona na miinuko mpaka Mbinga. Injini inafanya kazi ngumu kuliko siku zote, inahitaji kila tone la maji lipite kwenye rejeta, na maji hayapiti. Gari linachemsha njiani. Ile themostati iliyotolewa ili gari lisichemshe ndiyo ambayo kukosekana kwake kumelichemsha.

Rejeta na maji ya bomba ni tawi la imani hiyohiyo. "Kulanti ni ya kuzuia maji yasigande, sisi hatuna barafu." Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Inazuia kutu ndani ya injini, inalinda silinda hedi ya aluminiamu isilike, inalainisha sili ya pampu ya maji, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya mto au kisima yana madini, nayo yanajenga gamba kwenye vijia vyembamba vya rejeta mpaka vizibe. Kisha kuna mwinuko wenyewe. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini kwenye meta 1,500 yanachemka kwenye 95 hivi. Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho kinabana mgandamizo ndani ili maji yapite nyuzi 110 bila kuchemka. Huku milimani nimeona magari ambayo mpira wa kifuniko umekatika na mwenyewe amefunga kwa kipande cha nailoni. Mtu wa Dar es Salaam akifanya hivyo amekosea. Mtu wa Mbinga akifanya hivyo amekosea zaidi, kwa sababu maji yake yanawahi kuchemka.

Imani hii haikuanzia hewani. Themostati kuukuu ikikwama ikiwa imefungwa, gari linachemsha ndani ya muda mfupi na gasketi ya hedi inaungua. Fundi akiitoa, siku ile gari linapoa. Mwenye gari anaona kwa macho yake, anamlipa fundi na kwenda kuwasimulia wenzake. Ushahidi wa siku moja umekuwa sheria ya nchi nzima. Lakini mlango uliokwama hubadilishwa, hautupwi. Mara nyingi hata haukukwama: rejeta imeziba, au feni haiwashi kwa wakati, au pampu ya maji imechoka, na kuitoa themostati kumeficha ugonjwa kwa miezi michache. Themostati mpya haifiki bei ya kujaza tanki la IST. Gasketi na kusawazisha hedi ni hesabu ya kuuzia kahawa.

Asiyeniamini na apime mwenyewe. Chukua hiyo iliyotolewa, ifunge kwa waya, ining'inize ndani ya sufuria ya maji jikoni isiguse chini. Washa moto. Maji yakiwa ya vuguvugu mlango umebana kabisa. Vikianza kupanda vile viputo vidogo pembeni, utaona mlango unaachana na pete yake, polepole, mpaka ufunguke wazi. Ipua, iache ipoe, itajifunga tena. Huku kwetu maji yanachemka kwenye 95, kwa hiyo themostati nzima ya 82 lazima iwe imeshafunguka kabla maji hayajatokota. Ikifanya hivyo ni nzima, irudi kwenye injini. Isipofanya, nunua nyingine. Kipimo hiki hakihitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka Dar es Salaam.

Siwalaumu mafundi peke yao. Sisi wenye magari ndio tunaopenda kusikia neno "hakihitajiki", hasa tukiwa tumetoka bandarini. Fikiria safari ya hilo gari. Mkulima amepokea malipo ya kahawa kupitia chama chake cha ushirika, AMCOS, ameagiza gari Japani, amelipia meli, amelipia ushuru wa forodha na VAT, na kwa kuwa gari limepita miaka 8 ameongezewa ushuru wa uchakavu, ambao unapanda tena likipita 10. Wakala naye anadai chake. Mfukoni kimebaki cha mafuta ya kupanda Kitonga, kupita Makambako na Njombe, kushuka na kupanda Lukumburu hadi Songea, halafu Mbinga, halafu udongo mwekundu wa kwenda kijijini. Fundi akimwambia kwamba sehemu fulani ya gari haina kazi huku, anasikia amesamehewa deni.

Ukweli ni kinyume chake. Japani wana ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken, wa kwanza gari likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ni ghali, na Wajapani wengi huona afadhali wauze gari kabla zamu ya ukaguzi haijafika kuliko kulipa. Kwa hiyo magari mengi tunayopokea yanatufikia wakati hasa yanapodai kubadilishiwa vitu. Yamekaa yadi, yamekaa melini wiki kadhaa, yamekaa bandarini. Ndani ya mlango wa dereva au chini ya boneti kuna kibandiko chenye herufi za Kijapani ambacho watu hukibandua ili gari lipendeze. Usikibandue. Kinaeleza oili ilibadilishwa lini na katika kilometa ngapi, na kwa injini za mkanda kinaeleza pia kama mkanda wa taimingi ulishabadilishwa. Mwaka wake mara nyingi ni wa kalenda ya Kijapani: 30 ya Heisei ni 2018, na Reiwa ilianza 2019, kwa hiyo 3 ya Reiwa ni 2021. Kilometa za siku oili ilipobadilishwa zikizidi za kwenye dashibodi, umeibiwa, na ni bora ujue kabla hujasaini.

Mafuta ya breki ndiyo yanayonitia hofu kuliko yote. Hayo nayo yameingizwa kwenye orodha ya "mambo ya Japani": kwetu yanaongezwa yakipungua, hayabadilishwi. Mafuta haya yananyonya maji kutoka hewani mwaka hadi mwaka. Ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Sasa teremka nayo kutoka Mbinga kwenda ziwani, mguu kwenye breki kona baada ya kona. Diski zinapata moto, mafuta yanachemka ndani ya kalipa, mvuke unachukua nafasi yake, na pedali inazama mpaka chini bila kushika kitu.

Na hapo dereva ameweka nyutro ili aokoe petroli. Huu nao ni urithi wa enzi za kabureta. Injini ya leo yenye sindano za mafuta, ukiwa kwenye gia na umeondoa mguu kwenye akseleta, inakata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro inalazimika kuchoma petroli ili isizimike. Kwa maneno mengine, anayeachia nyutro mteremkoni anatumia mafuta zaidi ya aliyebaki kwenye gia, na amelitupa lile zuio la injini ambalo lingezipumzisha breki zake. Kwenye otomatiki zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, na mteremko ukizidi shusha hadi 2, au L pale panapotisha. Injini italia kwa sauti. Iache ilie.

Magari haya ndiyo yanayobeba wajawazito usiku kwenda hospitali ya Litembo, ndiyo yanayopeleka watoto shule za bweni, ndiyo yanayoshuka na wafanyabiashara Liuli na Mbamba Bay siku za soko. Abiria hajui kama breki zina maji wala kama themostati imo. Amekaa nyuma ameshika mtoto wake, amemwamini mwenye gari.

Basi gari likitoka bandarini, kabla ya kuelekea Morogoro, badilisha oili ya injini, kulanti na mafuta ya breki, kagua oili ya giaboksi, soma tarakimu nne za ubavuni mwa tairi zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Fundi akikwambia kitu fulani ni cha nchi za baridi, mwambie akueleze kinafanya nini. Asipoweza kueleza, asikitoe. Na kama themostati yako ilishatolewa, nenda gereji wiki hii ukadai irudishwe au ununue mpya, kabla msimu wa kahawa haujaanza na gari halijapakiwa mzigo wa kupanda nao mlima.