Hapakuwa na Kibao Mlangoni

Huku Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, mvua ikishaharibu barabara na malori yakakwama, hakosekani mtu wa kusema: "Wakati wa Wabelgiji tuliishi vizuri." Habari ya barabara namwachia. Ni hayo anayoongeza baadaye ndiyo nayakataa.

Anasema Kongo haikuwa Afrika Kusini, hapakuwa na kibao cha "weupe tu". Kibao cha nini, kama amri ipo? Usiku mweusi hakuruhusiwa kutembea mtaa wa wazungu. Kuhama sheferi yake, yaani eneo la chifu wake, kwa zaidi ya siku 30 kulihitaji cheti. Kiboko nacho kilikuwa na hesabu rasmi: mapigo 8 tangu 1933, 4 tangu 1951, kikafutwa 1959. Hakuna kanuni iliyosema mzungu achapwe mangapi.

Anasema aliyesoma alihesabiwa sawa na mzungu. Hapa nitakawia. Mwaka 1948 ilitoka kadi ya sifa za uraia. 1952 ukaja usajili wa kumsogeza mweusi karibu na sheria za wazungu. Mwombaji alikaguliwa mpaka nyumbani. Shuka zimetandikwa? Wanakula mezani, kwa uma? Choo kikoje? Mke naye anaongeaje? Patrice Lumumba, aliyekuja kuwa waziri mkuu wetu wa kwanza, wakati huo karani wa posta kule Stanleyville, alikataliwa kwanza, akakubaliwa 1954. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 13, waliopita mlango huo wa usajili hawakuzidi mamia machache. Mlowezi wa milima ya Lubero, hata awe mlevi wa kutupwa, hakuna aliyekwenda kukagua choo chake. Kadi yake ilikuwa ngozi.

Eti walowezi walikuta milima mitupu? Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilifanya ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa mali ya dola, na kuanzia 1928 Comité National du Kivu ikawa inagawa ardhi za huku. Sasa muulize mama yeyote Mnande anayelima maharage: shamba lililopumzishwa ni tupu? Atakucheka. Kwa mpimaji wa mkoloni lilikuwa pori, na wenye nalo wakageuka vibarua wa kahawa na pareto palepale kwao.

La mwisho: eti uhuru tulipewa bure kwenye mkutano wa Meza ya Duara, Brussels, Januari 1960. Hao wafuasi wa dini ya Kitawala walioinuka dhidi ya mkoloni Masisi 1944, kusini mwetu tu hapa, walikuwa wanacheza? Na ghasia za Léopoldville za tarehe 4 Januari 1959? Mbelgiji hakukaa mezani kwa ukarimu.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, mbele ya Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, Lumumba alitaja mpaka neno dogo la Kifaransa: mweusi aliitwa "tu", "vous" ikawekewa weupe. Ni karani yuleyule aliyenyimwa usajili mara ya kwanza.