Si leseni peke yake iliyoua blogu zetu

PEMBEZONI
Na Rehema Kitwana

Mazungumzo yoyote kuhusu blogu za Kiswahili hayafiki mbali kabla mtu hajautaja mwaka 2018. Ni haki utajwe. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo zilimtaka kila mwenye blogu Tanzania akachukue leseni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA: shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Kwa mwalimu anayeandika usiku kuhusu historia ya kijiji chao, bila tangazo hata moja la kumwingizia senti, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa funga. Hata wale wa jukwaa la JamiiForums, pamoja na ukubwa wao, walizima mitambo kwa muda Juni ile. Sheria hiyo siitetei.

Lakini tafuta blogu ya zamani ambayo bado ina ile orodha ya pembeni ya blogu nyingine, ya enzi tulipokuwa tukitangazana wenyewe kwa wenyewe, kisha bofya jina moja baada ya jingine. Utakuta zilizonyamaza 2011, 2013, 2015, wakati leseni hiyo haijulikani hata kwa ndoto. Moja ina matangazo ya kamari pale palipokuwa na mashairi. Nyingine ni ukurasa mweupe, hauna hata herufi. Nyingine inakwambia kwa Kiingereza kwamba imeshindwa kuifikia hifadhidata yake. Hizi hakuna waziri aliyezizima. Zilikufa kwa kukosa matunzo, na habari za matunzo tuliziandika kidogo mno.

Tulihimizwa kuandika, basi. Ndesanjo Macha, mwenye blogu ya Jikomboe na safu katika gazeti la Mwananchi, aliwavuta Watanzania wengi kwenye uwanja huu. Mpiga picha Issa Michuzi mwenyewe alianza blogu yake 2005 akiwa Helsinki, kwa msukumo wa Ndesanjo huyo huyo. Wengi walianzia Blogspot, mali ya Google tangu 2003, ambako mwandishi hana habari na seva wala toleo. Kasheshe ilianza pale mtu alipotaka anwani yake mwenyewe na sura yake mwenyewe, akahamia WordPress.

Na WordPress yenyewe, kwa taarifa yako, ni mtoto wa programu iliyotelekezwa. Mwaka 2003 Matt Mullenweg alikuwa akiblogu kwa kitu kinachoitwa b2, mwenye nacho akaacha kukishughulikia. Kwa kuwa leseni ya b2 iliruhusu, yeye na Mike Little wakauchukua msimbo wake, wakauendeleza kwa jina jipya. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinatumia matunda ya kazi ile.

Vijana wanaobofya kitufe kimoja na kwenda kunywa chai hawajui tulikotoka. Kabla ya toleo la 2.7, lililotoka mwishoni mwa 2008, kusasisha kulikuwa kazi ya mikono. Unakaa kafe ya intaneti, unalipia kwa nusu saa, unapakua faili la zipu kwa mwendo wa kinyonga, maana nyaya za baharini hazijafika. Ule wa SEACOM ulikuja Julai 2009, kabla ya hapo ni setilaiti. Ukishafungua zipu, unaingia seva kwa FileZilla na kufuta folda mbili, wp-admin na wp-includes. Folda ya wp-content huigusi, ndimo zilimo picha zako. Faili la wp-config.php huligusi kabisa. Kisha unapandisha mafaili mapya, na yanapanda moja moja, mamia, yakipita kwenye kioo huku saa ya kafe inahesabu. Umeme ukikatika hapo katikati, blogu yako ni nusu ya zamani na nusu mpya, na wala haifunguki. Unarudi nyumbani ukijua kwamba kila atakayeitembelea usiku huo anakutana na kosa la mstari wa 27.

Halafu kulikuwa na balaa la ritifaa. Kwa upande wa herufi sisi Waswahili tuna bahati, hatuna mikia wala kofia juu ya irabu kama Wafaransa. Tuna ritifaa tu. Toleo la 2.2 la mwaka 2007 lilileta mstari mpya katika faili la wp-config, wa kutaja aina ya herufi ambazo hifadhidata itazungumza. Aliyekuwa na blogu ya zamani akanakili faili jipya lote pamoja na mstari huo, aliamka na kukuta kila neno alilolichapa kwanza kwenye Word, ambako ritifaa hupinda yenyewe, limegeuka takataka. Ng'ombe akawa ngâ€™ombe. Ng'ambo ikawa ngâ€™ambo. Fikiria blogu ya mfugaji.

Dawa yake ilikuwa kuufuta mstari ule. Maandishi yalikuwa mazima muda wote ndani ya hifadhidata. Yalikuwa yanasomwa kwa miwani isiyo yake. Lakini maelezo hayo yalikuwa kwa Kiingereza cha mafundi, na watu wakaanza kurekebisha makala moja moja kwa mkono. Baadaye fundi akija kuufuta mstari, zile walizokuwa wamezirekebisha ndizo zinaharibika. Najua watu waliokata tamaa hapo, na ni waandishi wazuri, si wavivu. Kazi ya miaka ikaachwa kwa ajili ya mstari mmoja ambao hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kusasisha ni usumbufu wa Wazungu wanaopenda kubadilisha vitu. Usumbufu upo, tena mwingi, ila kuacha kuna gharama kubwa zaidi. Toleo la 3.7, Oktoba 2013, lilianzisha masasisho madogo yanayofanyika yenyewe bila kukuuliza. Wengi waliyazima, wakidai hawataki kuchezewa. Ikafika Januari 2017: matoleo ya 4.7 na 4.7.1 yalikuwa na tundu lililomwezesha mtu yeyote kubadilisha makala yako bila neno la siri. Toleo la 4.7.2 lilitoka tarehe 26 likiwa na kiraka, na watengenezaji wakanyamaza kuhusu tundu lenyewe hadi Februari mosi ili watu wapate muda wa kusasisha. Walioacha masasisho hayo yaendelee hawakujua hata kwamba kulikuwa na hatari. Waliozima, wengi wao walikuta wahuni wameandika majina yao juu ya makala zao.

Mzee yeyote wa pwani anajua kwamba jahazi halimaliziki kuundwa. Kila msimu hupandishwa ufukweni, likakalafatiwa na kupakwa deheni, na nahodha halalamiki kwamba anarudishwa nyuma. Sisi wa blogu tulidhani tukishashusha chombo majini tumemaliza.

Hata hivyo watengenezaji nao wana lawama. Desemba 2018 toleo la 5.0 liliondoa ukurasa wa kuandikia tuliouzoea likaweka ule wa vipandevipande, ambamo kila aya ni boksi lake. Kwa anayepanga tangazo la hoteli ni kitu kizuri. Kwa anayeandika makala ndefu kwa mkupuo ni karaha, na si mimi peke yangu ninayesema: plagini, yaani kiongezo, ya kurudisha ukurasa wa zamani iko hadi leo kwenye mamilioni ya tovuti. Kiraka cha usalama na mabadiliko ya sura ni vitu viwili tofauti, na kuvifunga pamoja kwenye kitufe kimoja ndiko kunakowafanya watu wakiogope kitufe hicho.

Tena kitufe si kimoja. Chini ya WordPress kuna PHP, lugha iliyoandikiwa, nayo ina matoleo yake. Toleo la 7.0, Desemba 2015, liliondoa amri za zamani za kuongea na hifadhidata ya MySQL. La 8.0, Novemba 2020, likaondoa nyingine. Wewe una themu, yaani vazi la blogu, uliyoipakua bure miaka hiyo kwa sababu ilikuwa na rangi ya bahari, aliyeitengeneza ameshaingia biashara nyingine, na ndani ya themu hiyo imo amri iliyofutwa. Hujabofya chochote. Jioni moja kampuni inayohifadhi tovuti yako inapandisha PHP, asubuhi blogu ni nyeupe. Unapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja anakwambia, kwa adabu zote, "Dada, sisi tumejaribu upande wetu iko sawa." Hilo jibu nimelisikia kutoka kampuni zaidi ya moja, na kila mara lilikuwa kweli: upande wao ulikuwa sawa.

Ninachowashauri wanaoniuliza ni kupunguza mzigo kabla ya kupunguza woga. Themu iwe ile inayokuja na WordPress yenyewe, hata kama haina mbwembwe. Plagini ziwe chache kiasi kwamba unaweza kusema kila moja inafanya nini bila kuangalia. Ile ya kuonyesha wageni wangapi wako kwenye ukurasa muda huu, toa. Ile ya kuangusha theluji ukurasani, ambayo kwa sababu nisizozielewa imo kwenye blogu za Tanga, toa. Sasisha kidogo kidogo na mara kwa mara, maana kuruka kutoka toleo la 4 hadi la 6 kwa siku moja ndiko kunakovunja watu miguu. Na usisasishe Ijumaa jioni, kijana wa huduma kwa wateja ameshaondoka.

Kuhusu nakala ya akiba nitasema zaidi, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaposhtuka. WordPress ina sehemu ya kutoa maandishi yako yote katika faili moja. Watu hulitoa, wakalituma kwenye barua pepe yao, wakalala usingizi. Faili hilo lina makala na maoni, picha hazimo. Kilichomo ni anwani za picha tu. Siku seva ikizimwa, maneno yote unayo, na picha za harusi ya bibi yako, za soko kabla halijaungua, za mechi ya uwanjani, zote zimebaki anwani zinazoelekea kusikokuwa na kitu. Folda ya picha inapakuliwa peke yake, ni nzito na italamba bando. Ilambe.

Wapo watakaoniambia, kwa nini ujitese, hamia Facebook, huko hakuna cha kusasisha. Kweli hakuna. Nitafutie basi ulichoandika huko Machi 2014, nasubiri. Huduma za bure hufungwa siku mwenyewe akichoka: Google Reader, ambayo wasomaji wengi wa blogu waliitumia kufuata makala mpya, ilizimwa Julai mosi 2013, na kabla yake Yahoo walizifunga kurasa za GeoCities Oktoba 2009. Wala sidai kwamba kuwa na tovuti yako ni uhuru kamili. Septemba 2024 Mullenweg aligombana na kampuni ya WP Engine, akaifungia isizifikie seva za WordPress.org, na wateja wa kampuni hiyo, watu wasiohusika na ugomvi, wakaamka hawawezi kusasisha plagini zao kama kawaida. Mafahali walipigana, na nyasi zilikuwa blogu za watu. Ila maandishi yao walikuwa nayo, na aliyetaka kuhama alihama nayo.

Kuna jambo linanikera zaidi ya hayo yote. Mchapishaji wa kitabu Tanzania anatakiwa kisheria kupeleka nakala kwenye Bodi ya Huduma za Maktaba. Nani anapokea blogu? Mwandishi akifariki, familia haina neno la siri, malipo ya anwani yanakoma, na ndani ya mwaka jina linachukuliwa na mtu wa kamari. Kiswahili kilichoandikwa na watu wa kawaida baina ya 2005 na 2015, bila mhariri, chenye matusi na mapishi na ubishi wa mpira, ni hazina ambayo idara zetu za Kiswahili zitakuja kuililia. Kwa sasa tunategemea hisani ya Internet Archive ya San Francisco, ambao mashine yao hupita na kunakili kurasa inazozikuta. Unaweza kuwapelekea ukurasa wako mwenyewe, ni bure. Chuo kimoja tu cha hapa kingeamua kukusanya za Kiswahili, gharama isingefikia ya semina moja ya hotelini.

Wiki hii nami nimepata ujumbe: PHP 8.1, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia mwisho wa 2025, inaondolewa kwenye seva. Nimeshaijaribu blogu yangu kwenye nakala ya pembeni, na karibu kila kitu kinafanya kazi. Kilichogoma ni plagini ndogo inayoonyesha tarehe ya Hijria juu ya ukurasa, ambayo mwenye nayo hajaigusa siku nyingi. Naitoa Jumapili. Atakayelalamika namjua, ni shangazi yangu wa Pangani, na ameshaanza.