Mzazi Mnayesema Hana Mwamko

Ukikaa nusu saa katika ofisi ya walimu wa shule ya msingi, hasa vijijini, utaisikia: "Wazazi wa huku hawana mwamko wa elimu." Utaisikia tena kwa afisa elimu kata, kwa mtendaji wa kijiji, na kwa mgeni rasmi siku ya mahafali ya darasa la saba. Tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ufute ada na michango ya lazima, kauli hiyo imeota mkia: serikali imebeba kila kitu, basi mzazi amemtupia mwalimu mtoto. Nimefundisha miaka mingi, na kauli hii nimeitamka kwa kinywa changu. Leo nasema si kweli, na wanaoumia kwayo ni watoto.

Twende kwenye boma la darasa. Pita njia za vumbi za wilaya zetu utaliona: kuta za madarasa mawili au matatu zimefika kwenye lenta, hazina paa. Matofali wamefyatua wanakijiji, mchanga na maji wamesomba kina mama kwa ndoo kichwani, wakisubiri serikali ije ipaue. Shule shikizi nyingi zilizaliwa hivyo, watu walipochoka kuona watoto wa miaka sita wakivuka korongo wakati wa masika kuifuata shule mama. Mtu asiyejali elimu hasombi mchanga.

"Mbona basi kwenye vikao hawaji?" Nimeulizwa hivyo na walimu wenzangu mara nyingi, na swali ni la haki. Lakini itazameni barua yenyewe ya mwaliko. Ni kipande cha karatasi, anapewa mtoto saa ya kutawanyika: mzazi afike shuleni keshokutwa saa 3:00 asubuhi, bila kukosa. Keshokutwa ni siku ya kazi, na shambani ni palizi. Anayefika anakaa chini ya mwembe kusikiliza deni la mlinzi, upungufu wa madawati, na debe la mahindi la chakula cha watoto. Simaanishi chakula ni jambo dogo. Mtoto aliyetoka nyumbani bila uji, kufikia saa nne anaangalia mdomo wa mwalimu tu, hasikii kitu. Na Waraka Na. 3 wa 2016 ulieleza wazi kwamba sare, madaftari na chakula bado ni juu ya mzazi. Ninachouliza ni hiki: katika kikao hicho cha saa tatu, ni wakati gani mzazi aliambiwa mwanawe anasomaje?

Njia nyingine ya mzazi kuingia shuleni ni ile ya "kesho usije bila mzazi wako". Kila mtoto wa nchi hii anajua maana yake: amepigana, ametoroka, amevunja dirisha. Kwa hiyo mzazi anaijua shule kwa milango miwili, wa deni na wa kesi. Wazee wanakumbuka mlango wa tatu. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mzazi aliingia darasani jioni, akakaa kwenye dawati lile lile alilokalia mwanawe asubuhi, naye akajifunza herufi. Mlango huo tuliufunga wenyewe, kisha tukashangaa kwamba hapiti mtu.

Hapo huja hoja ya pili, na ndiyo inayonikera zaidi: hata wakija, wengi hawakusoma, watasaidia nini? Jibu nilipewa na bibi mmoja anayelea wajukuu watatu, ambaye hajui hata kuandika jina lake. Kila jioni, kabla giza halijaingia, humkalisha mjukuu wa darasa la pili kwenye mkeka amsomee ukurasa mmoja. Akimaliza, humwambia, "Rudia." Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mwalimu, maneno yakibadilika mara ya pili, najua hasomi, anatunga." Nilikuwa na cheti cha ualimu ukutani na sikuwahi kufikiria kipimo rahisi namna hiyo.

Si ajabu ya bibi mmoja. Upimaji wa usomaji uitwao Uwezo, wa Tanzania, Kenya na Uganda, ulifanyika majumbani kwa karatasi nyepesi: herufi, maneno, aya, hadithi. Mzazi aliona kwa macho yake mtoto alipokwama, na mtu hahitaji shahada kutambua kwamba mwanawe anagugumia.

Wasiojali wapo, sitaficha. Yupo anayemtoa mtoto darasani akachunge ng'ombe, yupo anayempa sinia la karanga siku ya mnada. Kwa hao serikali ya kijiji ifanye kazi yake. Ila nimeshuhudia tukiwachukua hao wachache na kukipaka rangi yao kijiji kizima, kwa sababu kusema "hawana mwamko" kunatupumzisha. Mwalimu mwenye watoto mia moja darasani amechoka kweli, na aliyechoka hutafuta wa kumlaumu. Lakini mwenye watoto mia ndiye anayehitaji kuliko wote mikeka mia ya jioni.

Gharama ya kumwonyesha mzazi mwanawe anasomaje ni ndogo. Ajenda ya kwanza ya mkutano, kabla ya mlinzi na madawati, awe mwalimu wa darasa la pili. Aandike ubaoni aya moja fupi, aisome kwa sauti, aseme: mwaka ukiisha, kila mtoto wa darasa hili aisome hivi bila kukwama. Kisha aonyeshe daftari, alama nyekundu ya vyema ni ipi na ya kosa ni ipi, maana wapo wazazi wanaoziona kila siku na hakuna aliyewahi kuwaeleza. Dakika kumi zinatosha. Mkutano uwe Jumamosi au Jumapili alasiri, jua likipungua.

Na ile barua iandikwe upya. Neno "bila kukosa" litoke, mahali pake paandikwe: Njoo usikie mtoto wako anavyosoma. Njoo na daftari lake.